Pointi Zetu Tulishazilipia



Leo sina pishi wala mshono mpya wa dera. Nina hasira, na nimeiacha ipoe siku tisa kabla ya kuandika, maana mtu akiandika na moto kifuani hudhulumu. Siku tisa zimepita na bado naona nina haki ya kusema. Kwa hiyo nasema.

Tuko wanawake kumi na mmoja. Saba tunakaa Kibaha, kati ya Maili Moja na Picha ya Ndege, na wanne wako Kisarawe. Wengine ni mafundi cherehani kama mimi, wengine wanauza chapati na maandazi, mmoja ana genge. Wawili ni Wakristo. Tuna kikoba chetu, lakini mbali na kikoba tulikuwa na jambo moja dogo lililotupa raha. Tulikuwa na kadi moja ya pointi ya supamaketi moja yenye matawi kadhaa upande wetu. Jina nalihifadhi. Kila mmoja akienda kununua sabuni, mafuta au unga, anamtajia keshia namba ya kadi ya Bi Mkubwa wetu wa Kisarawe, mjane, na pointi zinaingia huko. Nia yetu ilikuwa moja tu: tukusanye mwaka mzima, ikifika Shaabani tuzigeuze kuwa sukari, tende, ngano na mafuta kwa nyumba saba za wajane na mayatima. Hakuna aliyewahi kuchukua hata kiberiti cha pointi zile.

Hesabu yake ilikuwa rahisi. Ukinunua kwa shilingi 1,000 unapata pointi 1. Pointi 100 ni shilingi 1,000 ya kununulia. Kila mmoja wetu alikuwa anaacha pale kama shilingi 150,000 kwa mwezi, kwa hiyo sote kumi na mmoja ni shilingi 1,650,000. Miezi kumi ilitupa pointi 16,500, yaani shilingi 165,000. Kwa tajiri si kitu. Kwa nyumba saba ni futari ya siku kadhaa.

Tukaenda na orodha mkononi. Keshia, binti mdogo mpole, akatazama kompyuta, akatutazama, akasema, "Mama zangu, utaratibu umebadilika." Pembeni ya kaunta kulikuwa na karatasi imebandikwa, nusu yake imefunikwa na boksi la bazoka. Tukaisoma. Sasa pointi 1 ni kwa kila shilingi 2,000. Pointi 100 ni shilingi 500, siyo 1,000. Pointi yoyote iliyopitisha siku 90 imefutwa. Na lazima mwenye kadi awe na simu janja apakue programu yao, vinginevyo hazitoki. Bi Mkubwa wetu ana kitochi kilichofungwa mpira.

Miezi mitatu ya mwisho ilikuwa na pointi 4,950. Kwa bei yao mpya ni shilingi 24,750. Tuliingia na 165,000, tukatoka na 24,750, na hata hizo tuliambiwa tuje na simu.

Bi Mkubwa alikunja ile orodha, akaitia kwenye mkoba, akasema, "Nyumba saba zimeshaambiwa." Hakusema zaidi. Hicho ndicho kilichonikosesha usingizi.

Sasa nizungumze na nyinyi wanunuzi wenzangu, kwa sababu tulipotoka pale tulizungumza na kina mama wengine mlangoni, na majibu yao yaliniudhi karibu sawa na ile karatasi.

Kundi la kwanza walisema, "Za bure zile, unalilia nini?" Dada, hebu tufikiri. Zawadi ni kitu unachopewa bila kutoa. Hizi pointi huzipati mpaka utoe shilingi elfu yako. Ukisimama mlangoni ukaomba pointi bila kununua, utafukuzwa. Supamaketi ilituambia, "Njoo ununue kwangu, usinunue kwa Mangi, nami nitakurudishia kidogo." Sisi tukamwacha Mangi wa mtaani, ambaye wakati mwingine alikuwa na bei nafuu, na ambaye hutukopesha mwezi ukiwa mbaya. Tukatimiza upande wetu wa maneno, elfu baada ya elfu, na risiti zipo. Upande wao ndio uliobaki. Hiyo haiitwi zawadi. Hilo ni deni.

Kundi la pili walimvamia yule keshia kwa matusi. Hilo ni kosa, na wengine wenu mnaosoma hapa mmewahi kulifanya. Yule binti hakuandika ile karatasi. Yeye mwenyewe huenda ana kadi, na za kwake zimefutwa. Kumtukana anayetumwa ni woga wa kumkabili anayetuma.

Kundi la tatu waliapa hawatarudi tena. Nawaambia ukweli, wiki iliyofuata niliwaona mle ndani na toroli. Kususa kwa mdomo hakumtishi mtu.

Mimi nafanya biashara, kwa hiyo sitajifanya sijui upande wa pili. Mafuta yanapanda, umeme unapanda, mzigo bandarini unachelewa. Mwenye duka ana haki ya kubadili ofa yake. Akisema kuanzia mwezi ujao pointi ni kwa shilingi 2,000, ni haki yake, na mimi nina haki ya kurudi kwa Mangi. Sina ugomvi na hapo. Ugomvi wangu ni kurudi nyuma na kugusa pointi zilizokwisha kupatikana. Yajayo ni biashara, tutapatana au hatutapatana. Yaliyopita ni ahadi.

Nalisema hili nikijua uchungu wake, kwa sababu nami nimewahi kulifanya. Miaka michache nyuma nilikuwa na vikadi vya karatasi: shona magauni sita, la saba ushonewe bure. Kila gauni napiga muhuri. Bei ya uzi na bitana ikapanda, nikaona nakula hasara, nikabandika tangazo kuwa ofa imekwisha. Akaja mteja kutoka Mlandizi na kadi yenye mihuri mitano. Nikamwambia, "Samahani dada, hiyo tumeshaiondoa." Hakupiga kelele. Aliweka kadi juu ya cherehani, akaniuliza, "Fundi, mihuri hii mitano alinipigia nani?"

Sikuwa na jibu. Muhuri ulikuwa kwenye droo yangu. Nilimwita, nikamwomba radhi, nikatoa tangazo jipya: kadi mpya hazitolewi, lakini zote zenye muhuri hata mmoja zitatimizwa mpaka ya mwisho. Zilikuja kadi kumi na tisa. Faida ya karibu wiki mbili ilikwenda. Sikufilisika, na yule mama wa Mlandizi mpaka leo ananiletea sare za watoto wake. Kama fundi mwenye vyerehani vitatu ameweza, duka lenye matawi linashindwaje?

Mimi si shehe na sitoi fatwa. Lakini mambo mengine hata sisi wa madrasa ya jioni tunayajua. Suratul Maida inaanza kwa kuwaamrisha walioamini watimize mikataba. Sura ya 83, Al-Mutaffifin, imebeba jina la wanaopunja, wale ambao wakijipimia wanataka kamili na wakiwapimia wengine wanapunguza. Tumezoea kufikiri sura hiyo ni ya muuza mchele mwenye mizani ya uongo. Pointi nayo ni mizani. Aliyekupimia 100 kwa elfu, kisha siku ya kuchukua akasema 100 ni mia tano, amegusa jiwe la mizani. Na Mtume (s.a.w.) amekutaja kuvunja ahadi miongoni mwa alama za mnafiki. Wenye maduka wanaotuwekea kaswida mwezi wa Ramadhani na mataa ya mwezi na nyota mlangoni, wasome na hayo.

Dada zangu wa Mafia, Unguja na Pemba, hizi siku 90 zinawahusu kuliko mnavyodhani. Mimi ni mzaliwa wa Mafia, na Kibaha ndiyo makao makuu ya mkoa wetu. Mtu wa Kilindoni akivuka kwenda Nyamisati kuja bara, anakuja mara moja kwa miezi mingi, ananunua mzigo mkubwa, anarudi. Pointi zake nyingi zinaingia siku moja. Atakaporudi kwa safari nyingine, siku 90 zimepita, hana hata moja. Masharti ya siku 90 yamekatwa kwa kipimo cha mtu anayekaa karibu na duka. Wa kisiwani ameshonewa gauni lisilo lake. Vivyo hivyo sharti la simu janja: limemwacha nje bibi wa kitochi, ambaye ndiye aliyehitaji ile sukari.

Na tusiseme tumeshtukizwa, mambo haya tumeyaona. Shoprite ya Afrika Kusini iliuza maduka yake ya Tanzania kwa Nakumatt ya Kenya mwaka 2014. Uchumi, nayo ya Kenya, ilifunga maduka yake ya Tanzania na Uganda Oktoba 2015. Nakumatt nayo ikafunga Dar es Salaam, na huko kwao wadai wakapiga kura Januari 2020 ivunjwe. Nakumatt ilikuwa na kadi yake ya pointi, watu wakiitunza pochini kama kitambulisho. Duka likifungwa, kadi inabaki plastiki. Fedha yako ya benki ina Bodi ya Bima ya Amana nyuma yake. Pointi hazina bodi. Kwa hiyo na sisi tulikosea: tuligeuza kaunta ya supamaketi kuwa kibubu cha mayatima. Kosa hilo nalikubali. Lakini uzembe wa mwenye mali haumhalalishii aliyeichukua.

Je, kusema kunasaidia? Kunasaidia. Uingereza kuna Tesco, ambayo Clubcard yake ipo tangu 1995. Januari 2018 walitangaza mabadiliko ya thamani ya kuponi, yaanze papo hapo. Zilizokuwa zikizidishwa mara 4 kwa baadhi ya washirika wao zikawa mara 3. Wateja walilalamika kwa wingi, na ndani ya siku chache kampuni ikarudi nyuma, ikasogeza mabadiliko hadi tarehe 10 Juni mwaka huo ili watu watumie walichokusanya. Mwaka 2023 waliposhusha tena, kutoka mara 3 hadi mara 2, walitangaza miezi kabla ya kuanza mwezi Juni. Angalieni vizuri: wateja hawakuzuia ofa isishuke. Walichopata ni muda. Muda ndio haki yenyewe ninayoidai hapa.

Na sisi tuna pa kusemea. Tanzania Bara kuna Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 inayokataza kumpotosha mlaji, na Tume ya Ushindani, FCC, inayopokea malalamiko. Zanzibar nayo ina tume yake. Tatizo letu ni kwamba tunalalamika kwenye kundi la WhatsApp, tunatumiana vikatuni vya kulia, jioni tumesahau.

Kwa hiyo, wenye maduka, tunadai mambo manne tu. Tangazeni mabadiliko miezi mitatu kabla, kwa ujumbe mfupi wa simu unaofika hata kwenye kitochi. Pointi za zamani zilipwe kwa thamani ya zamani. Mwenye simu ndogo achukue haki yake kwa kadi na kitambulisho. Na masharti yawe kwa Kiswahili, kwa maandishi tunayoweza kuyasoma, yasifunikwe na maboksi.

Nanyi wenzangu, tunzeni risiti. Pointi zikifika kiasi, zitumieni mwezi huohuo. Sadaka wekeni kwenye kikoba. Ukionewa, muulize meneja, siyo keshia, na muulize kwa maandishi.

Sisi tumeshaandika barua. Kumi na mmoja tumesaini, Bi Mkubwa ametia dole gumba, na nimeipeleka kwa mkono wangu mpaka mezani kwa meneja, nikagongewa muhuri nakala yangu. Wamesema watatujibu. Wasipojibu ndani ya siku kumi na nne, barua ya pili inaenda Tume.

Futari ya nyumba saba tumechanga mifukoni, alhamdulillah, hakuna iliyokosa. Kwa hiyo yeyote asiniambie mmeshapata, nyamazeni. Tulichochanga ni chetu. Kilichoko kwenye kompyuta yao nacho ni chetu, na bado tunakidai.

Wabillahi tawfiq.