Karatasi Iko Ndani ya Boksi, Isome!

Leo hakuna msimbo. Wale mliokuja kutafuta sehemu ya pili ya mfululizo wa hifadhidata, samahani, itakuja wikendi. Leo nina hasira, na hasira yenyewe ni ya gita.

Wengi wenu mnajua kwamba ukiniondoa mbele ya kompyuta mimi ni mpiga gita, kanisani na kwenye harusi za marafiki wasio na pesa za kukodi bendi. Mwaka jana nilijinunulia pikapu mpya. (Si ile ya kubebea kabichi kutoka Limuru. Pikapu ya gita ni kile kijisanduku kilicho chini ya nyuzi, chenye sumaku na waya mwembamba uliozungushwa mara maelfu, ambacho hugeuza mtikisiko wa uzi kuwa umeme.) Za zamani zilikuwa za kawaida, zisizohitaji betri. Mpya ni EMG, 81 na 85, zile ambazo wapiga gita huziita aktivu: ndani yake mna ampu ndogo sana inayokula betri ya volti 9. Hapa nitaziita pikapu za betri, tusichoshane.

Nikataka kuzifunga mwenyewe. Kila niliyemwambia alinipa jibu lile lile: "Hiyo ni kazi ya fundi. Wewe umesomea kompyuta, utaharibu." Nikatii. Nikapeleka gita kwa fundi mmoja mjini, nikalipa shilingi 3,500, nikarudishiwa gita linalong'aa. Karatasi ya maelekezo sikurudishiwa. Nilipoiuliza nikaambiwa, "Kijana, hiyo haina kazi. Mimi nimefanya hii kazi kabla hujazaliwa."

Miezi minne baadaye, katikati ya harusi huko Nakuru, gita likaanza kukwaruza kama redio iliyopoteza stesheni, kisha kimya. Bibi harusi yuko mlangoni, mimi nimeshika ubao. Na hilo ndilo lilikuwa dogo. Wiki mbili baadaye, kanisani, nilisogeza mdomo kwenye maikrofoni huku mkono uko kwenye nyuzi, nikapigwa shoti ya midomo mpaka nikaona nyota. Waumini walidhani nimeguswa na Roho.

Jioni hiyo nilichukua bisibisi nikafungua kifuniko cha nyuma. Karatasi ile nilikuwa nimeshaipata kwenye tovuti ya kampuni. Nikaiweka pembeni, nikaanza kulinganisha mstari kwa mstari, kama mtu anayetafuta kosa kwenye programu ya mwenzake.

Kosa la kwanza: tundu la jeki. Pikapu za betri zinataka tundu la stereo, na si kwa sababu gita linatoa stereo. Lile tundu lina sehemu tatu, na upande hasi wa betri unaunganishwa na sehemu ya katikati. Ukichomeka kebo ya kawaida, mwili wa jeki unagusanisha ile ya katikati na ile ya nje, betri inawaka. Ukichomoa, betri inazimika. Ndiyo swichi yenyewe, hakuna nyingine. Fundi wangu aliacha tundu la zamani la mono na kuunganisha betri moja kwa moja. Yaani gita langu halijawahi kuzimwa tangu siku alilonikabidhi. Piga hesabu: kila pikapu inakula maikroampea 80, zangu ni mbili, kwa hiyo 160. Betri nzuri ya alkali ina takriban miliampea-saa 500. Gawanya, unapata saa kama 3,000, yaani siku 125. Miezi minne. Harusi ya Nakuru ilikuwa imepangwa tangu siku niliyolipa zile 3,500.

Kosa la pili: poti, vile vya kuzungusha chini ya vitufe vya sauti na toni. Pikapu ya kawaida hufungwa na poti ya kiloomu 250 au 500. Ya betri hutaka kiloomu 25, maana ile ampu ya ndani ina nguvu ya kusukuma ishara yake bila kusumbuliwa. Ukiiwekea ya 500, kitufe cha sauti kinageuka swichi ya taa: unazungusha, hakuna kinachobadilika, unazungusha, hakuna, kisha ghafla sauti yote imekwenda. Nilikuwa nimezoea nikidhani ndiyo tabia yake. Na poti za 25 zilikuwa kwenye boksi! Tundu la stereo lilikuwa kwenye boksi! Vilikokwenda sijui, lakini ndani ya gita langu havikuwemo.

Kosa la tatu ndilo lililonifanya niandike haya. Gita lenye pikapu za kawaida huwa na waya unaotoka kwenye daraja, pale nyuzi zinaposhikiliwa, mpaka kwenye ardhi ya saketi. Kazi yake ni kupunguza ule mvumo: ukigusa nyuzi, mwili wako unaacha kuwa antena. Lakini fuata njia mpaka mwisho. Kutoka nyuzi mpaka daraja, daraja mpaka jeki, jeki mpaka kebo, kebo mpaka chuma cha ampu. Ukishika nyuzi umeshika ampu. Na ampu zetu tunazichomekaje? Soketi zetu ni zile za Kiingereza za matundu matatu, na kila mmoja wetu amewahi kuona plagi ya pini mbili ikiingizwa kwa kusukuma kijiti au kalamu kwenye tundu la juu. Tundu hilo la juu ndilo la waya wa ardhi. Ampu ikiwa haina ardhi na ikawa inavujisha umeme, na maikrofoni ikawa imeunganishwa na mikisa iliyo kwenye soketi nzuri upande wa pili wa kanisa, basi wewe ndiwe waya. Mkono upande mmoja, mdomo upande wa pili, moyo katikati.

Karatasi inasema wazi: pikapu hizi zimekingwa kwa ndani, nyuzi hazihitaji kuunganishwa na ardhi, waya wa daraja uondolewe. Kazi ya kukata waya mmoja na kuufunga ncha kwa tepu. Sekunde kumi. Fundi wangu aliuacha kwa sababu amekuwa akiuacha kabla sijazaliwa.

Sasa wale wa "peleka kwa fundi" watasema nilimpata fundi mbaya. Labda. Lakini hoja yangu haiko hapo. Mtu anayefanya kazi kwa mazoea atafunga kitu kipya kwa njia ya kitu cha zamani, awe fundi wa gita au programa wa miaka ishirini. Mimi nisiyejua chochote sikuwa na mazoea, kwa hiyo ningelazimika kusoma. Kumlipa mtu kwa kazi ambayo maelekezo yake yameandikwa na kuchorwa, na kumbe yeye hayasomi, ni sawa na kumlipa mtu akusomee ujumbe wa kosa ulio kwenye skrini yako, halafu akuzimie kompyuta.

Na kazi yenyewe ni rahisi kiasi cha kuaibisha. EMG za sasa hazihitaji hata kulehemu, waya zina viunganishi vya kubonyeza. Pasi ya kulehemu niliitumia kung'oa takataka za zamani tu. Niliagiza poti na tundu upya (ndiyo, nililipa mara ya pili), nikamaliza kwa saa mbili, na saa nzima ya hizo ilikuwa kutafuta skrubu iliyoingia chini ya kochi. Kisha jaribio: multimita, ncha moja kwenye uzi, nyingine kwenye mwili wa jeki. Isionyeshe muunganisho wowote. Kwa pikapu za betri pekee, tafadhali. Ukikata waya huo kwenye gita la kawaida utapata mvumo wa kutosha kufukuza mbu.

Msiniandikie kuuliza kama sasa mnaweza kuendelea na kijiti kwenye soketi. Hapana. Mwili wa jeki na vitufe vya chuma bado vimeunganishwa na ampu. Tengeneza soketi. Na ampu yenyewe usiifungue: gita lina volti 9, ampu ina kapasita zinazoweza kukaa na umeme mkali hata baada ya kuchomolewa. Hiyo kweli ni kazi ya fundi.

Kuna kundi jingine, wale wanaosema pikapu za betri hazina roho. Hawa nawajibu haraka. David Gilmour alizunguka dunia mwaka 1994 na Stratocaster nyekundu yenye EMG, mkamwambie yeye. Ukipiga benga na unapenda ile sauti nyembamba inayolia ya koili moja, baki na zako, sina ugomvi, hata mimi zangu za zamani nimezihifadhi kwenye kopo la biskuti. Lawama ya haki dhidi ya pikapu hizi ni nyingine: zimezibwa kwa gundi ngumu, huwezi kuona ndani wala kutengeneza. Ampu yake ikifa, unatupa. Kwa mtu anayependa programu huria kama mimi, hilo linaniuma kila nikiziangalia.

Wiki iliyopita nilipita kwa yule fundi nikamwonyesha ule waya, nimeuweka kwenye karatasi ya plastiki kama ushahidi wa mahakama. Aliutazama, akautazama tena, akasema, "Huo ni waya wa nini?"

Nikamwachia nakala ya karatasi. Alikuwa na gita la mtu mwingine mezani, kifuniko cha nyuma kimefunguliwa, na kando yake boksi jeusi la EMG.