Ufupi Wetu Si wa Ukoo

JICHO LA NYANDA ZA JUU
Na Neema Sanga

Kila nikienda Iringa wakati wa mavuno nakuta magunia ya mahindi yamefika kwenye kenchi, na watoto wa miaka minne ambao ningewadhania wana miwili na nusu. Nikiuliza, jibu ni lile lile: "Sisi wafupi, dada. Ni ukoo."

Ukoo gani huo unaokumba zaidi ya nusu ya watoto wa mkoa mzima? Utafiti wa afya wa kitaifa wa 2022 ulikuta udumavu kwa asilimia 30 ya watoto wa chini ya miaka mitano nchini. Iringa, wanaoilisha nchi, ni karibu asilimia 57. Njombe na Rukwa ni kama nusu. Shirika la Afya Duniani lilishawafuatilia watoto wa Muscat, Accra, Oslo, Delhi, Pelotas na Davis ya Marekani, walionyonya na kutunzwa vizuri. Hadi miaka mitano walirefuka karibu sawasawa. Wa Oslo hakumwacha wa Accra.

Kinachokosekana huku si ugali. Mama yuko shambani, mlezi ni dada wa miaka minane, na mtoto anashindia uji wa sembe mtupu. Maharage yanamngoja mnunuzi. Maziwa na mayai yanauzwa, na pesa yake (shemeji zangu mnisamehe) haipiti mkononi mwa mama. Halafu kliniki anahubiriwa yeye makundi ya vyakula, ambayo anayajua kwa moyo. Baba haitwi. Hata mimi, kliniki niliyompeleka mwanangu, walimning'iniza kwenye mizani kila mwezi. Urefu hawakuupima hata mara moja. Na mtoto aliyedumaa anaweza kuwa na mashavu.

Mwili hausahau. Majira ya baridi ya 1944 kuingia 1945, Wajerumani walizuia chakula magharibi mwa Uholanzi. Waliokuwa tumboni siku zile, walipofikia miaka hamsini, miili yao ilishindwa kuimudu sukari kuliko ya wenzao waliozaliwa kabla. Njaa ile ilikuwa ya miezi. Ya kwetu inarudi kila mwaka, pembeni mwa magunia.

Mavuno yaliyopita nilimkuta baba mmoja akifunga trei mbili za mayai kwenye bodaboda. Nikamwomba ambakizie mwanawe wa mwaka mmoja walau moja. Akacheka.

"Huyu? Bado mdogo huyu. Atakula akikua."