Umaskini Usioonekana Kwenye Mstari

Utafiti wa Mapato na Matumizi ya Kaya Binafsi wa mwaka 2017/18 uliweka mstari wa umaskini wa mahitaji ya msingi Tanzania Bara kuwa shilingi 49,320 kwa mtu mzima kwa mwezi. Asilimia 26.4 ya watu walikuwa chini yake. Kipimo hicho chafaa kulinganisha miaka na mikoa. Hakitoshi kumtambua mgonjwa maskini.

Huko Mwamanyili, mkoani Simiyu, kama kwingineko Usukumani, akiba ya kaya mara nyingi ni ng'ombe. Anapouzwa kwa ajili ya matibabu, daftari la matumizi huandika fedha zilizotoka. Haliandiki maziwa yaliyokoma wala jembe lililokosa maksai. Na mama asiye na kauli juu ya zizi huweza kukosa nauli ilhali majirani wanamhesabu tajiri.

Sabina Alkire na James Foster walibuni njia ya kuhesabu kwa pamoja upungufu wa afya, elimu na hali ya maisha. Hata hiyo yahitaji sikio. Mtafiti na mhudumu wa afya waanze na swali moja: "Mama, mmeuza nini ili ufike hapa?" Jibu lake nalo liandikwe kuwa takwimu.