Mensah Sarbah: Mila Iliyosimama Mbele ya Muswada

Wanapotajwa mawakili wa Kiafrika waliopambana na ukoloni mwanzoni mwa karne ya ishirini, John Mensah Sarbah wa Pwani ya Dhahabu, Ghana ya leo, husahauliwa. Kwa maoni yangu yeye ndiye aliyeielewa silaha yake vizuri kuliko wengi.

Alizaliwa Anomabu mwaka 1864, akasomea sheria London, na mwaka 1887 akawa mwananchi wa kwanza wa koloni lile kufuzu uwakili. Mwaka 1894 serikali ya kikoloni ilitaka ardhi iliyoiita tupu iwe ya Malkia. Ilipopingwa, ikarejea mwaka 1897 na muswada wenye lugha laini zaidi: ardhi ingekuwa ya umma, na serikali ingeisimamia kwa manufaa ya wote. (Maneno hayo si mageni masikioni mwetu.)

Sarbah aliupinga mbele ya Baraza la Kutunga Sheria, akiwa upande wa Jumuiya ya Kulinda Haki za Wenyeji, iliyoundwa Cape Coast mwaka uleule. Hoja yake ilikuwa kavu kama hoja ya wakili inavyopaswa kuwa: ardhi isiyolimwa si ardhi isiyo na mwenyewe. Ina ukoo, ina kiti cha chifu, ina kanuni. Kanuni zenyewe alizichapisha mwaka huohuo katika kitabu chake kuhusu sheria za kimila za Wafante, pamoja na hukumu za mahakama za Waingereza wenyewe. Mwaka 1898 wajumbe walikwenda London kumwona Waziri wa Makoloni, Joseph Chamberlain, na muswada ukaondolewa.

Kisha, mwaka 1901, akateuliwa kuingia katika baraza lilelile. Naam, aliteuliwa, hakuchaguliwa. Maofisa wa gavana ndio waliokuwa wengi humo, na kura yake peke yake haikuweza kuzuia kitu. Kwa hiyo simhesabu kwa kura. Alifariki mwaka 1910 akiwa na miaka 46 tu.

Ana kasoro yake. Anayeiandika mila huigandisha, tena huiandika kwa kinywa cha aliowasikiliza, na waliosikilizwa zama zile hawakuwa wanawake wala watumwa wa zamani.

Hata hivyo, tujitazame. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaitambua hakimiliki ya kimila kuwa sawa na ile ya kupewa na serikali. Lakini mila ipi? Mgogoro wa wakulima na wafugaji ukifika barazani, kila upande hutaja mila yake, na hakuna kitabu mezani. Natamani kitivo kimoja cha sheria kiwatume wanafunzi wake vijijini, wakakae na wazee, wake kwa waume, waandike nani hugawa malisho wakati wa kiangazi na nani hurithi shamba la mjane, na kichapishe kabla muswada mwingine haujaletwa.