STAREHE YA MFANYA KAZI: HESABU IANZE NA SAFARI YA KURUDI



Katika karatasi hii tumezoea kusoma habari za mishahara, nyumba na masaa ya kazi. Leo nataka kusema juu ya jambo ambalo wengi huliona dogo, nalo ni kwenda kusikiliza muziki usiku wa Jumamosi. Mimi nasema si dogo. Wenzetu wakaao Kibera na Kawangware, wengine hutupa fedha ya juma zima kwa usiku mmoja, na wengine hawaendi hata mara moja maishani mwao, ingawa viwanja vya tamasha viko mlangoni petu.

Fikirini mahali tukaapo. Jamhuri Park imepakana na Kibera. Uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road uko mbele kidogo, na mtu wa Kawangware akifuata barabara ya Naivasha hutokea Dagoretti Corner, naye yu karibu. Upande wa pili, katika Langata Road, kuna Carnivore na Uhuru Gardens. Hapo Uhuru Gardens ndipo bendera yetu ilipopandishwa tarehe 12 Desemba 1963, na hapo ndipo Sauti Sol walipowaaga wapenzi wao Novemba 2023. Usiku wa tamasha sauti ya gitaa hupita juu ya ukuta bila kulipa kiingilio, ikaingia katika nyumba zetu za mabati. Mwenye nyumba hapati usingizi, wala bendi haioni.

Wako watakaosema, muziki wa roki ni wa Wazungu na wa watoto wa matajiri, mfanya kazi ana haja gani nao? Hao hawajui asili yake. Tony Iommi, mpiga gitaa wa Black Sabbath, alikuwa kijana wa kiwanda cha mabati huko Birmingham, Uingereza. Mwaka 1965, akiwa na miaka 17, mashine ilimkata ncha za vidole viwili siku yake ya mwisho kazini. Alijitengenezea vifuniko vya plastiki, akavivaa vidoleni, akaendelea kupiga. Ringo Starr, mpiga ngoma wa Beatles, aliwahi kuwa tarishi wa reli kwa muda mfupi. Baba yake George Harrison wa bendi hiyo hiyo alikuwa mfanya kazi wa mabasi. Na hapa kwetu, Daudi Kabaka na wenzake wa Equator Sound waliwachezesha watu wa Nairobi twist katika miaka ya 1960, na siku hizi vijana wa Crystal Axis hupiga gitaa kali na kuimba juu ya mambo yaliyotendeka Nyayo House. Basi muziki huu ni wetu pia.

Wako wengine watakaosema, mtu ana deni la kodi na ada ya mtoto, atakwendaje tamasha? Hapo nakubaliana nao kwa nusu. Mwenye deni la kodi akae nyumbani, asimdanganye mkewe wala asijidanganye mwenyewe. Lakini asiye na deni asionewe haya kwa kutaka kufurahi. Mwaka 1936 Makhan Singh na wenzake wa Labour Trade Union of Kenya walipodai kazi ya masaa nane kwa siku, hawakudai ili mtu apate masaa mengi ya kulala tu. Mtu si kichwa cha gari moshi, kwamba kikishatiwa mafuta kinarudishwa njiani.

Sasa twende kwenye fedha. Kima cha chini cha mshahara wa kibarua wa Nairobi kilichotangazwa mwaka 2022 kilikuwa Sh. 15,201.65 kwa mwezi. Novemba 2024 kiliongezwa kwa asilimia 6, kikawa Sh. 16,113.75. Gawanyeni kwa siku 26 za kazi, mtaona siku moja ya jasho ni kama Sh. 620. Kila bei mtakayotajiwa, ipimeni kwa kipimo hicho, msiipime kwa noti zilizo mfukoni.

Chukueni mfano wa mtu aendaye peke yake bila mpango. Tuseme kiingilio mlangoni ni Sh. 2,000. Chakula cha ndani ni Sh. 600. Chupa nne za bia kwa bei ya ndani, Sh. 1,400. Saa nane ya usiku matatu hazionekani, anaita teksi ya Sh. 800. Jumla ni Sh. 4,800, yaani karibu siku nane za kazi. Tena yafaa mjue kwamba mtu huyu mara nyingi hana hiyo 4,800. Anayo 2,500, na iliyobaki aliikopa kwa simu usiku huo huo huku muziki unapigwa. Deni la simu halina muziki. Jumatatu linakuja peke yake, na ada yake juu.

Sasa mfano wa pili. Watu kumi na wanne, wa Kibera na wa Kawangware, wanapatana majuma sita kabla ya siku yenyewe. Kila mmoja anatoa Sh. 250 kwa juma kwa mweka hazina, naye anaandika katika daftari mbele ya wote, kwani mali bila daftari huisha bila habari. Siku ikifika kila mtu ana Sh. 1,500. Tuseme tikiti ya mapema ni Sh. 1,000, maana zinunuliwazo mapema huwa rahisi kuliko za mlangoni. Nauli ya kwenda Sh. 50. Chakula cha jioni kabla ya kuingia, ugali na sukuma na kipande cha nyama, Sh. 150. Matatu ya kukodi ya kuwarudisha wote, Sh. 2,800, ambayo kwa watu kumi na wanne ni Sh. 200 kila mmoja. Hubaki Sh. 100 ya maji na dharura. Ni siku mbili na nusu za kazi, wala hakuna deni. Bei zitabadilika kwa tamasha hili na lile, lakini njia ya kuhesabu ni hiyo.

Ndugu zangu, katika mambo yote hayo, kubwa ni safari ya kurudi. Sisi wa reli twajua kwamba gari halitoki stesheni mpaka ijulikane njia iko wazi mbele. Lakini katika starehe watu hupanga kwenda tu, na kurudi humwachia Mungu. Gari moshi la abiria lipitalo Kibera limewekwa kwa watu wa kazi, asubuhi na jioni. Usiku wa manane halipo. Matatu za namba 46 za Kawangware na namba 8 za Kibera, usiku zikipungua nauli hupanda, na mwenye kungoja kituoni hana la kusema. Ndiyo sababu nasema matatu ya kurudi ikodiwe kabla ya tikiti kununuliwa. Dereva alipwe nusu mbele na nusu mkishafika. Saa ya kuondoka ijulikane na kila mtu, na mahali pa kukutana pawe palipo na taa.

Tena gari limfikishe kila mmoja karibu na mlango wake. Kumwacha dada yetu barabarani Kawangware saa tisa ya usiku, apite vichochoro peke yake, si kumrudisha nyumbani. Wanachama wanawake wengi hawaendi matamashani, si kwa kukosa kiingilio, bali kwa kukosa njia salama ya kurudi. Kikundi kisichoweza kumfikisha mwanamke mlangoni kwake, bado hakijapanga safari.

Yako mambo madogo pia. Msinunue tikiti kwa mtu wa njiani, maana za uwongo ni nyingi. Nunueni kwa wenye tamasha wenyewe. Kuleni kabla ya kuingia, kwa kuwa mara nyingi walinzi hukataza chakula na hata maji kupitishwa mlangoni. Chukueni kitambulisho, na fedha iliyopangwa tu. Simu itiwe mfuko wa ndani. Kila mtu awe na mwenziwe wa kumwangalia, na mmoja katika kikundi asinywe kabisa usiku ule. Kazi hiyo ifanywe kwa zamu, leo huyu na siku nyingine yule. Na mwenye zamu ya kazi Jumapili alfajiri asiende. Kazi ya reli na macho yenye usingizi ni hatari kwa maisha ya watu.

Lakini kikundi cha watu kumi na wanne hakiwezi kupunguza bei ya kiingilio. Chama chaweza. Kwa hiyo naiomba Kamati ya Tawi ifanye mambo matatu. Kwanza, iwaandikie watengenezaji wa matamasha kuomba bei ya kikundi kwa wanachama. Anayenunua tikiti mia moja kwa pamoja ana haki ya kusikilizwa, kama vile wafanya kazi mia moja waombao nyongeza husikilizwa kuliko mmoja. Pili, itafute wenye matatu wa kuaminika, bei ya usiku ipatanwe kabla na iandikwe. Tatu, iiombe serikali ya Kaunti kumbi za watu wote zitumike kwa muziki wa bendi Jumapili mchana, kwa kiingilio ambacho kibarua aweza kukilipa. Ukumbi wa Kaloleni ndimo Makhan Singh alimodai uhuru kamili wa Afrika ya Mashariki tarehe 23 Aprili 1950. Ukumbi uliobeba neno zito kama hilo hautashindwa kubeba gitaa na ngoma za Jumapili moja.

Wako viongozi watakaoona aibu kupeleka barua ya muziki mezani. Nawaomba wasione aibu. Mwanachama aliyerudi nyumbani salama, bila deni, amefurahi pamoja na wenzake wa idara nyingine, siku ya mkutano atakuja. Na mchango wake wa Chama atautoa bila kusukumwa.

Tamasha zitaendelea kufanywa, tukiwamo tusiwamo. Wenye nia ya kuanza kikundi, wa Kibera na wa Kawangware, waandikishe majina kwa mwakilishi wa Chama katika idara yao kabla ya mwisho wa mwezi, na watafute mweka hazina ajuaye kuandika vizuri.

Ni mimi mwenzenu katika Chama,
Mfanya kazi wa Reli, Kibera.