Medali za Wazee Wetu Zisitupwe

Wako wanafunzi wenzetu wasemao kuwa medali za vita walizoacha wazee wetu ni vyuma vya mkoloni, wala hazifai kuwekwa. Mimi sikubaliani nao, na sababu zangu ni hizi.

Katika Vita Kuu ya Pili vijana wa Tanganyika walikwenda kupigana, na wa nyanda zetu za Iringa na Mbeya wakiwamo. Wengine walijiandikisha kwa hiari, wengine walichukuliwa kwa lazima. Mwaka 1944 Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki, pamoja na askari wake wa mizinga, ilipita bonde la Kabaw katika nchi ya Burma, iitwayo leo Myanmar. Mvua ilikuwa kubwa, na njia zilikuwa matope matupu. Mwezi wa Desemba walivuka mto Chindwin.

Wengine hawakufika kabisa. Tarehe 12 Februari, 1944, meli Khedive Ismail, iliyotoka Mombasa kwenda Colombo, ilizamishwa na nyambizi ya Wajapani. Walikufa watu zaidi ya 1,200, na wengi wao walikuwa wa Rejimenti ya 301 ya mizinga ya Afrika Mashariki.

Waliopigana Burma walipewa nyota ya shaba yenye pembe sita, na utepe wa buluu, nyekundu na rangi ya chungwa. Yafaa tujue jambo moja: Uingereza ilizitoa nyota hizo bila kuchora jina la askari. Medali za vita ya 1914 mpaka 1918 zilichorwa jina na namba ya mwenyewe, hizi hazikuchorwa. Basi jina lake limo vinywani mwa watu wa nyumbani tu. Wakilisahau, ndipo nyota hiyo itakapokuwa chuma kweli.

Kuitunza si kuusifu ukoloni. Mfalme aliitoa, lakini aliyekanyaga matope ni mzee wetu.

Askari aliyekuwa na miaka 20 mwaka 1944 leo angekuwa amepita miaka 100. Wanaojua habari zake ni watoto wake, nao ni wazee sasa. Hapana budi tufanye haraka.

Kwa hiyo naomba likizo hii kila mmoja wetu aulize nyumbani kwao. Aandike jina la askari, kijiji chake, kikosi chake, mwaka aliokwenda na mwaka aliorudi, au kwamba hakurudi. Karatasi moja ifungwe pamoja na medali, na nakala iletwe katika maktaba ya shule. Nanyi wazazi, msiiuze wala kuwapa watoto waichezee kabla jina halijaandikwa.

Wahenga walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Mali hii daftari lake ni sisi.

Mwanafunzi wa Kidato cha Nne