Ombudsman wa Butiama
Ukilitaja neno "ombudsman" pale stendi ya Bunda au sokoni Musoma, utaulizwa ni dawa ya nini. Ni neno la Kiswidi, na mzizi wake ni wa Kinorse cha kale: umboð, yaani mamlaka anayokabidhiwa mtu kutenda kwa niaba ya mwingine. Mwaka 1809 Waswidi walilifanya cheo cha anayefuatilia watumishi wa umma wanaovunja sheria. Aliyekuwa wa kwanza Afrika kuuleta utaratibu huo ni mwana wa Butiama, Mwalimu Nyerere: Tume ya Kudumu ya Uchunguzi, 1966, iliyozunguka wilayani kusikiliza malalamiko. Rais mwenyewe haikuruhusiwa kumchunguza, na hilo, kwa kweli, silisifu.